Ngozi Iliyozikwa

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi, wadogo zangu wawili, mama jirani mwenye pampu, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya kijito, na mchuuzi aliyekuwa akinunua maziwa yetu. Nawataja mapema kwa sababu baadaye ilisemekana wengine hawakuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kunyunyizia ng'ombe. Nyumba zetu nne, nje kidogo ya Cheptiret, zilitumia pampu moja na pipa moja. Mkebe mzima wa dawa ya kupe hatukuumudu, kwa hivyo kila mtu alinunua vifuniko vichache vya dawa pale agroveti, duka la dawa za mifugo na mimea, akamiminiwa kwenye chupa ya soda, akaja kumwaga katika pipa la wote. Tuliona huo ndio ujirani mwema.

Msimu ule kupe walikuwa hawafi tena.

"Hizi kupe za siku hizi zimesoma mpaka chuo kikuu," mchuuzi alisema, akitoa chupa yake. "Dawa ya kawaida zinaoga nayo. Hii mwenye duka ameniambia ni kali."

Niliichukua chupa nikaigeuzageuza.

"Unatafuta nini hapo, msichana?" mwalimu akaniuliza.

"Maagizo, mwalimu."

"Si imeandikwa orenji?" mchuuzi akadakia. "Soma vizuri."

Tulicheka sote, hata mimi. Kisha ikamwagwa.

Ng'ombe niliyemshika hakuwa wetu. Tulipowazika wazazi, Mzee mmoja rafiki ya baba alimleta kutoka Timboroa akasema, "Mkamueni. Maziwa ni yenu, ndama ni wangu." Ni desturi ya kwetu, kumwekea mtu ng'ombe. Maziwa yale yalikuwa chai yetu na karo ya wadogo zangu. Mimi shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili ili wao wasiiache.

Mwenye ng'ombe mmoja hunyunyizia mwisho. Kufikia zamu yangu pipa lilikuwa limebaki na machicha, meupe na mazito, yenye harufu iliyokwaruza koo. Jua halijafika utosini, ng'ombe alianza kudondokwa na mate. Misuli ya mapaja ikamtetemeka. Tulimwosha kwa sabuni na maji ya kijito, ndoo baada ya ndoo, mdogo wangu wa kike akilia huku akisugua. Ng'ombe wa wenzetu walitokwa na mate kidogo, wakapona. Wetu alipiga magoti, akalala, hakuinuka.

Daktari wa mifugo alipofika alinusa chupa moja moja.

"Hii ni ya kupe. Hii ni ya wadudu wa mahindi. Nani aliwauzia?"

Kila mtu alitazama gumboti zake.

"Basi asiliwe. Azikwe na ngozi yake."

"Daktari, niachie ngozi peke yake."

"Ngozi ndiyo iliyokunywa sumu, dada."

Hakujua nilichokuwa nikiomba. Ng'ombe wa kuwekewa akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Akiiona, ameridhika kwamba hukumuuza wala hukumficha, na neno limekwisha. Mimi nilichimba shimo na wadogo zangu, tukaifunika ngozi kwa udongo.

Wiki iliyofuata maafisa wa serikali walikuja kutafuta mashahidi dhidi ya mwenye duka. Mwalimu alisema siku ile alikuwa ameenda Eldoret. Mchuuzi alisema yeye hufika asubuhi tu, anachukua maziwa na kuondoka. Nilimwendea mama jirani nyumbani kwake.

"Mama, si pampu ilikuwa yako?"

"Msichana wangu, yule mwenye duka hunipa chakula cha kuku kabla sijauza mayai. Wewe una nini cha kupoteza?"

Niliandikisha ushahidi peke yangu. Duka lilifungwa, kisha likafunguliwa likiwa na rangi mpya. Mlangoni kuna tangazo kwamba dawa haipimwi kwa kifuniko. Chini ya kaunta chupa za soda bado zipo, nimeziona.

Nilimpeleka Timboroa ndama aliyeachwa na ng'ombe yule. Mzee alimpokea, akamtia zizini, akarudi kutazama mikono yangu.

"Na ngozi?"

Nilimweleza yote, mpaka shimo. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msituni.

"Nimekuamini," alisema. "Lakini siku moja vijana wangu watauliza ng'ombe yuko wapi. Niwaonyeshe nini?"

Ndama hakuwa malipo. Alikuwa wake tangu azaliwe.

Siku hizi nafua nguo za watu mtaa wa West Indies, mjini Eldoret. Mdogo wangu wa kike amefika kidato cha nne, wa kiume anamfuata. Nina mbuzi wawili ninaotaka wazae mpaka wafikie bei ya ng'ombe wa Mzee, na mmoja ana mimba. Mama jirani amewahi kuniambia, "Achana na hiyo habari, Mzee mwenyewe hajakudai." Ni kweli, hajanidai. Kila nikipita Timboroa namsalimia, ananipa chai, na zizi lake naliona kutoka pale ninapokaa. Pengo la ng'ombe aliyeniwekea bado liko.