Chapati Nne Mjini Kashi

Nilikwenda Uhindi kwa sababu ya kikaango. Jamaa zangu wa Tanga mnaoniuliza bibi kizee wa goti bovu, tena Mwislamu, alifuata nini kwenye mji mtakatifu wa Wahindu, jibu ni hilo.

Ilikuwa Novemba, baridi ya Toronto imeshaanza kuuma masikio. Jengo letu hapa St. James Town mashine za kufulia ziko chini kabisa, na sisi tunakaa ghorofa ya kumi na nne. Siku hiyo nimeteremka na nguo zangu, nikakutana na jirani wa ghorofa ya tisa kabeba kikaango cha chapati, cheusi, mpini umefungwa kipande cha kanga. Kipande kile nilikichana mimi kwa mikono yangu. Kikaango ni cha Mama Jitu.

"Kanipa mwenyewe," akasema. "Kagawa vyombo vyote. Anakwenda Uhindi kutembea."

Mtu anayekwenda kutembea hagawi kikaango.

Mama Jitu ni Mhindi wa Tanga, kazaliwa Ngamiani, baba yake akiuza vitambaa. Mumewe kafariki, mwanawe Jitu anakaa Calgary. Mimi na yeye tumepakana ukuta miaka kumi na miwili. Mwaka wa pili wetu pale, mzee mmoja wa mwisho wa korido alikufa peke yake, akakaa siku tatu bila mtu kujua. Tangu hapo nikaweka sheria. Kila alfajiri nikimaliza kuswali nagonga ukuta mara mbili, naye ananijibu mara mbili. Asipojibu, ufunguo wake ninao.

Nikaacha nguo kwenye mashine, nikapanda juu.

"Shoga, unakwenda Kashi."

"Nakwenda kuhiji."

"Na kurudi je?"

Akajifanya anatafuta miwani, nayo iko usoni.

Kashi ni jina la kale la Varanasi, mji ulio kando ya mto Ganga. Wahindu wanaamini anayefia pale hazaliwi tena, amepumzika moja kwa moja. Ndiyo maana wapo wazee wanaokwenda kuingoja siku yao huko huko. Nililijua jambo hilo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Nikamwambia wazi: "Tutakwenda wote. Nakuja ili nikurudishe."

"Njoo," akasema. "Utanibebea begi."

Siku ya kuondoka ikafika. Mjukuu wangu Salma, anayesoma chuo na kukaa nami pamoja na mama yake, ndiye aliyetutafutia viza kwenye kompyuta. Salma Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu anajibu Kiingereza. Akaniuliza kwa hicho Kiingereza chake, ukuta nani atagonga tukiwa safarini? Nikamwambia upande wa pili hakuna mtu, utagongea nini. Akatubusu sote wawili. Begi la Mama Jitu lilikuwa jepesi mno. Nililiinua kwa kidole, sikulipenda.

Ndege ilituchukua zaidi ya saa kumi na tatu mpaka Delhi. Mama Jitu alilala njia nzima kama mtoto aliyenyonya. Mimi nilikaa macho nikimwangalia.

Delhi tulilala usiku mmoja, na saa kumi na mbili asubuhi tukapanda treni. Treni safi, inakimbia, watu wanapewa chai na biskuti vitini. Nje ukungu, mashamba ya haradali yenye maua ya manjano, wanawake wameinama kama wetu wanavyoinama. Saa nane mchana tukafika Varanasi. Kelele ya honi pale kituoni sijapata kuisikia. Ng'ombe kalala katikati ya barabara na hakuna anayemgusa.

Tulifikia nyumbani kwa mjane mmoja, Sushila, anayepangisha vyumba kwenye kichochoro karibu na mto. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba hata ukikutana na ng'ombe, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na ng'ombe harudi. Sushila akatutazama, huyu na sari, huyu na baibui, akamuuliza Mama Jitu kitu kwa Kihindi.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama wewe ni ndugu yangu. Nimemwambia wewe ni askari jela wangu."

Usiku ule, na uliofuata, Sushila alitupikia dengu na chapati. Mama Jitu akala, akaongeza, akaongeza tena. Chapati hizo zikumbukeni.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulishuka mtoni. Ukingo wote wa mji ni ngazi za mawe, zinateremka mpaka zinaingia majini. Watu wanaoga, wanaomba, wanapiga mswaki, wanafua mashuka, yote kwa pamoja. Jua likatokea ng'ambo, jekundu, mto ukawa rangi ya chai. Mama Jitu alifunga sari yake vizuri akaingia mpaka kifuani, maji baridi yale. Mimi nilisimama ngazi ya mwisho, maji yakinilamba miguu, nimeshika upindo wa sari yake kwa mikono miwili.

"Niachie, nazama mara tatu."

"Zama. Upindo siachi."

Akazama mara tatu. Mara ya tatu alichelewa kuibuka kidogo, nikavuta. Alipanda juu anatetemeka na anacheka, nywele zimemganda, sura imerudi ya msichana. Sikuwahi kumwona hivyo Toronto.

Mchana tulikwenda hekalu kubwa la mji, lenye kuba la dhahabu. Simu na mikoba huachwa nje, viatu pia. Mimi sikuingia. Si kwamba nilifukuzwa, ila ibada ya mtu ni yake na yangu ni yangu, nikakaa kwenye duka la maua na ndara zake mapajani saa moja na nusu. Mwenye duka aliniletea chai kwenye kikombe cha udongo. Nikamaliza, nikamwona kila mtu anakitupa chake chini kinavunjika. Hivyo ndivyo wanavyofanya. Mimi siwezi kuvunja kikombe kizima. Nikakifuta nikakitia mfukoni, na safari ile ikaisha ninavyo sita. Adhuhuri adhana ikasikika kutoka mtaa wa wafuma hariri, Waislamu wenzangu, na kengele za hekalu nazo zikilia, na mwenye duka akipiga kelele bei za maua. Hakuna aliyenyamaza kumpisha mwenzake na hakuna aliyekasirika.

Jioni tukapita mahali wanapochomea maiti, pale pale kwenye ngazi za mto. Kuni zimepangwa milima. Wanasema moto wake hauzimwi. Nilisema ninayoyajua kusema mbele ya mauti, nikainamisha kichwa. Mama Jitu hakuinamisha. Alitazama kwa utulivu, kama mtu aliyefika kituoni mapema anaangalia basi lake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, akaniambia twende mahali. Tukafika kwenye nyumba ya zamani yenye ua, kimya, vyumba vina vitanda vya mbao tu. Ni nyumba ya wanaongoja kufa. Msimamizi wake alikuwa mzee mwembamba mwenye daftari kubwa. Mama Jitu akakaa mbele yake, akaomba chumba.

Kihindi changu ni cha sinema za Tanga, lakini maneno mengine nilikamata, na mengine alikuja kunieleza baadaye. Mzee akauliza daktari anasemaje. Akajibu sukari kidogo, na magoti. Unalala? Nalala. Mzee akamtazama vizuri, akauliza, jana usiku umekula nini?

"Chapati."

"Ngapi?"

Mama Jitu akatazama dari. Akatazama vidole vyake.

"Chaar," akasema.

Hesabu za Kihindi nazijua. Nne.

Mzee akafunga daftari. Hakucheka. Alisema kwa upole: "Mama, vyumba vyangu ni vichache, na wanaokuja hapa wameshaacha kula. Nikikupa wewe, mwenye saa yake atakosa pa kulala. Mtu wa chapati nne hafi wiki hii. Nenda nyumbani. Kashi ipo, haikukimbii."

Nilijizuia mpaka tukatoka kichochoroni. Pale nikashika ukuta nikacheka mpaka machozi yakanitoka. "Wewe mwanamke! Si ungesema moja?"

"Kashi hudanganyi," akajibu.

Nikageuka nimwone anavyocheka. Alikuwa analia. Kicheko kikaniishia, nikambebea begi alilokuja nalo tukarudi kwa Sushila.

Siku ya nne tulichukua teksi mpaka Sarnath, nje kidogo ya mji, ambako inasemekana Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza. Pana mnara mnene wa mawe na matofali, mkubwa kama jengo, na magofu ya nyumba za watawa yamezungukwa na nyasi. Watu wanauzunguka mnara polepole wakinong'ona. Tukakaa kwenye benchi juani. Nikaona niseme kilichonileta.

"Tunarudi wote Jumamosi. Kule kuna mimi. Nakugongea kila siku."

"Umenizidi miaka mitatu," akasema. "Una presha. Majira ya baridi yaliyopita ulianguka bafuni, ukasema umeteleza."

"Niliteleza."

"Ukitangulia wewe, Mwanaidi, mimi nani atanigongea ukuta?"

Mimi mtu hanishindi kwa maneno, mnanijua. Safari hii alinishinda. Miaka kumi na miwili nimegonga, nikijibiwa nikaridhika, nikaona kazi imekwisha. Sikuwahi kumuuliza akiwa upande wake wa ukuta anaogopa nini. Aliogopa korido ile ile, mzee yule yule, siku tatu zile zile. Nikamshika mkono, tukakaa mpaka kivuli cha mnara kikatufikia.

Siku ya mwisho alfajiri alishuka mtoni na kichupa kidogo cha shaba, akakijaza maji, akampelekea fundi akakiziba mdomo kwa lehemu. Akanikabidhi mimi.

"Kaa nacho. Jitu yuko mbali. Saa yangu ikifika utanitia matone kinywani."

"Mimi Mwislamu."

"Sijakwambia usome. Nimekwambia utie matone."

Kwetu pia anayekata roho hutiwa maji kinywani, nami nina chupa ya zamzam kabatini. Nikamwambia. Akasema, "Basi yako nitakutia mimi, na mwanao atakusomea. Atakayebaki atamtia mwenzake."

"Usije ukachanganya."

"Nimepika miaka sitini sijachanganya sukari na chumvi."

"Ukinitia ya kwako nitaamka nikutukane."

Sushila alituletea chakula cha njiani, chapati zimefungwa kwenye gazeti. Alimwekea Mama Jitu nne, akatutazama kwa jicho la pembeni. Mji ule hauna siri.

Jumapili tulifika Toronto, theluji inaanguka, lifti moja ndiyo inafanya kazi. Kabla hata ya kuvua koti Mama Jitu aliteremka ghorofa ya tisa kudai kikaango. Jirani akakileta kwa furaha, akasema kizuri sana kwa mayai.

"Mayai!" Mama Jitu hali mayai, wala babu yake hakuyala. Akakisukuma kwa ncha ya kidole. "Baki nacho, mwanangu. Mungu akubariki." Ikabidi nimpeleke maduka ya Agincourt akachague kipya, na kanga yangu nyingine nikaichana kufunga mpini.

Kichupa cha shaba nimekiweka kabatini karibu na zamzam. Salma akaandika majina kwenye karatasi, akabandika, hii yako bibi, hiki cha Mama Jitu. Akauliza ni ya nini. Nikamweleza yote, na sikumficha swali la Sarnath. Hakujibu, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Nilikwenda Uhindi nimdhibiti mtu. Nimerudi na vikombe sita vya udongo, na kazi ya kumtunza mpaka mwisho, naye ananitunza mimi. Wenye wazee, msiridhike na kusikia ndiyo kwenye simu. Waulizeni wanaogopa nini.

Asubuhi iliyofuata uchovu wa ndege ulinichelewesha, nikawa bado niko kwenye mswala, nimetoa salamu ya kwanza, nikasikia ukuta unagongwa mara mbili. Upande wetu. Nikamaliza, nikageuka. Salma kasimama na soksi zake, sikio ukutani, anangoja.

Jibu likaja kutoka kwa Mama Jitu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Huyo hafi wiki hii.