Saa za Ndege Iliyosimama

Mama Rangi alianza kwa kuona maganda ya karanga. Yalikuwa yamezagaa kwenye sakafu ya ndege, mengine yameingia chini ya pedali, na katikati yake amekaa shemeji yake, daktari wa meno, mume wa mdogo wake, ametandaza gazeti juu ya usukani. Injini inanguruma. Propela inazunguka mpaka nyasi zimelala chini. Na ndege yenyewe imesimama tuli mbele ya banda lake, magurudumu yamekingwa kwa magogo, haiendi mbele wala nyuma.

“Unafanya nini humu?” Mama Rangi alipiga kelele kuushinda mngurumo.

“Natafuta saa, shemeji!” daktari akajibu, meno yote nje. “Karibu karanga.”

Hapo inabidi nieleze, usije ukadhani mtu yule alikuwa mwehu. Hakuwa mwehu hata kidogo, na hilo ndilo linaloudhi. Leseni ya rubani wa ndege ndogo, ya mtu anayeruka kwa raha zake, haichachi. Kinachochacha ni kibali kilichomo ndani yake, kile kinachokuruhusu kushika ndege ya aina fulani. Kila baada ya miaka miwili kinakufa, usipokilisha: saa kumi na mbili angani katika mwaka wa mwisho, kuruka na kutua mara kadhaa, na saa moja umekaa na mkufunzi. Angani, nimesema! Lakini mita ya ndege hii kuukuu haikujua anga wala ardhi. Injini ikiwaka, inahesabu. Daktari akaona mwanya. Kuruka na kutua alijijazia mwenyewe kwa kalamu kwenye daftari lake la rubani, huku mdomo unatafuna. Saa ya mkufunzi alipanda kweli, ila mkufunzi ndiye aliyeshika kila kitu, yeye akajipiga picha. Ptuu!

Ndege walikuwa wameinunua nusu kwa nusu. Mama Rangi, muuza rangi za nyumba, alijinyima mno kuipata nusu yake, na kila wiki mbili alifunga duka mapema, akaenda kuzunguka juu ya uwanja, kucha bado zina madoa ya rangi ya mteja wa mwisho. Majirani walimtania: “Mwenzetu una ndege, unakwendaga wapi nayo?” Naye akawajibu, “Siendi popote. Nazunguka nisisahau.” Walicheka, naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Alikuwa mwoga wa kusahau. Alijua mikono huanza kusahau kabla ya kichwa.

Siku ile aliizima injini mwenyewe, akayafagia maganda kwa kiganja. Kumbe alichelewa. Injini ya namna ile hupozwa na upepo wa mwendo. Ukiisimamisha juani ikanguruma siku baada ya siku, inaiva. Fundi wa ndege alipoifungua alikuta silinda mbili zimepasuka. Mama Rangi alikuwa amebakiza ile saa ya mkufunzi tu, ameshapangiwa wiki inayofuata, na ndege nyingine ya kukodi pale uwanjani haikuwapo. Mwezi wa mwisho wa kibali ukaisha ndege iko juu ya mawe. Kibali chake kikafa akikitazama. Cha daktari kikapigwa muhuri, kikang'aa.

“Pole, shemeji,” daktari akamwambia. “Mambo ya mashine hayo.”

Hana haya wala soni! Sasa, ili kukifufua kibali, ilimbidi Mama Rangi afanye jaribio mbele ya mkaguzi wa marubani, na mkaguzi alikuwa na foleni yake. Akasubiri.

Ndege ilipopona, akasikia kwamba Jumapili daktari anampandisha mkewe na binti yao, aliyeahidiwa safari hiyo tangu afaulu mtihani. Mama Rangi akaenda mbio kwa mdogo wake, akamkuta jikoni anafungasha chakula cha njiani.

“Usipande,” akamwambia. “Mumeo hajaruka mwaka mzima. Saa zake zote ni za ndege iliyosimama, na niliona kwa macho yangu.”

Mdogo wake akaweka kisu chini. “Dada, cheti chake nimekishika kwa mkono wangu. Chako kiko wapi?”

“Changu kimekufa kwa sababu yake.”

“Basi sema una wivu, yaishe. Ukimchafulia mume wangu jina huko uwanjani, mimi na wewe tusijuane.”

Maneno hayo yalimkata maini. Huyu ndiye ambaye Mama Rangi alimbeba mgongoni, akamsuka nywele asubuhi za shule, na hana ndugu mwingine. Akatoka, asimshtaki daktari kwa mtu. Jumapili akafika uwanjani akawakuta wote wameshapanda, binti kafungwa mkanda nyuma, anampungia. “Mama mkubwa, njoo!”

“Panda basi, shemeji,” daktari akasema kwa ukarimu wa kuchefua. “Kibali changu kiko hai. Leo nitakurusha mimi.”

Alitamani kumtemea mate. Akapanda. Akakaa kiti cha mbele cha kulia, penye usukani wa pili, kwa sababu moja tu: kama mtu huyu angeshindwa, ndani ya chombo kile awepo mwingine anayejua kutua.

Kuruka kulipita, kwa kuyumbayumba. Angani daktari alizungumza kama mwenye anga. Wakati wa kushuka ndipo alipoishiwa maneno. Alikuja juu mno na kwa kasi mno, jasho linamchuruzika puani, akaibwaga ndege chini nayo ikadunda, ikapaa tena bila nguvu, pua juu. Akaachia usukani! Naapa, mtu mzima aliachia usukani, akashika fremu ya dirisha kwa mikono yote miwili. Nyuma, mdogo wake Mama Rangi alipiga ukelele.

Mama Rangi alisukuma moto wa injini mpaka mwisho, akashusha pua, akaisubiri ishike kasi, akaipandisha. Akazunguka uwanja mara moja, kama alivyozunguka miaka yote ile bila kwenda popote, akaituliza chini taratibu. Magurudumu yakagusa, basi.

Injini ilipozimwa, daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. “Mmeona upepo ule? Ulitaka kuleta ujeuri, tukauweka sawa.” Mkewe, ambaye alikuwa ameficha uso wake kwenye mapaja ya bintiye, akapiga makofi huku analia. Daktari akatoa daftari lake la rubani, akajiandikia kutua mara moja. Kisha akamwinamia Mama Rangi sikioni, pumzi yake inanuka dawa ya kusukutulia.

“Ukisema, shemeji, aliyeshika ndege yenye abiria bila kibali ni wewe. Jaribio lako ni Alhamisi, si ndiyo?”

Mama Rangi alikwenda nyumbani akaoga mara mbili. Daktari alimchukiza, lakini zaidi alijichukia mwenyewe kwa kuwa alishaanza kupiga hesabu ya kunyamaza: angepita jaribio, mdogo wake angeendelea kumwita dada, na mambo yangekwenda. Na Jumapili nyingine daktari angempandisha binti tena, kiti cha kulia kikiwa kitupu.

Alhamisi mkaguzi wa marubani alimkaribisha mezani, mtu mpole mwenye kikombe cha chai. Akafungua karatasi zake, akauliza swali analomuuliza kila mtu kabla ya kutoka kwenda kwenye ndege.

“Mara yako ya mwisho kurusha ndege ni lini, mama?”

Jibu rahisi lilikuwapo: siku fulani, kabla injini haijaharibika. Lilikuwa kweli kwenye daftari lake, na hakuna ambaye angelipinga. Mama Rangi alimfikiria mdogo wake jikoni, na lile neno lake, tusijuane.

“Jumapili,” alisema. “Nikiwa na abiria, na kibali kimekufa. Niandikie kosa langu kwanza, kisha niulize rubani alikuwa nani.”