Andazi la Kwanza Huliwa na Muuzaji

Mimi si mtu wa kulalamika. Lakini tumbo langu, ile miaka wakimbizi wametoka tu kurudi kwetu kutoka ng'ambo, upande wa Goma, lilinishinda. Nikila asubuhi, jua halijapanda vizuri tumbo limeshavimba kama ngoma ya kanisa, na mimi nakimbilia choo kama mtu anayefukuza mwizi. Nilikonda mpaka kitenge kikawa kinanizunguka na kubaki. Jirani mmoja akasema minyoo. Mwingine akasema nimelishwa kitu. Mume wangu akasema ni hasira, kwamba nimezimeza nyingi bila kutafuna.

Aliyeniuliza nakula nini ni mtawa wa kituo cha afya, tuliyemwita masera, mwanamke wa umri wangu, mgeni kutoka Ulaya. Nikamwambia: mandazi. Nauza mandazi karibu na Grande Barrière, pale watu wanapovuka kwenda Goma, sasa nile nini kingine? Akasema kwao kuna watu ambao ngano inawakataa tumboni. Niache ngano kabisa, kisha nirudi anione.

Niliacha. Nikarudi kwake, ngoma bado inapigwa.

"Umeacha ngano kweli?"

"Nimeacha, masera. Mkate sijagusa."

"Unakula nini?"

"Viazi, maharage, makaroni."

Akajishika kichwa. "Mama! Makaroni ni ngano!"

Nikamwambia makaroni ni makaroni, yanatoka kwenye paketi. Masera akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Mimi sikucheka. Lakini nilipoacha makaroni, pamoja na chapati, ambazo nilikuwa nazihesabu kama shemeji wa ngano tu, tumbo lilinyamaza. Nikalala kama mtoto. Kitenge kikaanza kunishika tena.

Basi shida ikahama kutoka tumboni ikaja kwenye beseni.

Kwetu, anayekupa chakula au pombe anaonja kwanza, wewe ukimwona. Asiyeonja ana jambo. Mimi kila asubuhi niliweka beseni chini, nikachukua andazi la juu, nikaliuma mbele ya wanawake wanaosubiri mpaka wa Goma ufunguliwe. Nikimeza, ndipo wananunua. Na miaka ile hata salamu watu walikuwa wanaiangalia mara mbili kabla ya kuitikia.

Asubuhi ya kwanza bila kuuma, mwanamke wa Busasamana, mwenye mzigo wa kabeji na mdomo mkubwa kuliko mzigo, akaniangalia.

"Mama, na kuonja?"

"Leo sionji. Ngano imekataa tumbo langu."

"Ee! Tumbo yako inakataa, yetu ndiyo ikubali?" Akawageukia wenzake. "Mwenye kupika anaogopa chakula yake! Tuende, bamama."

Wakaenda. Nikarudi nyumbani na beseni limejaa vilevile. Kesho yake hivyo hivyo. Na beseni lile ndilo lililokuwa linatulisha, hatukuwa na shamba.

"Uma kidogo tu," mume wangu akasema, "halafu uteme."

"Nikitema mbele yao ndiyo watanunua?"

Akafikiri. Kisha akasema ataonja yeye. Asubuhi akavaa koti na kofia ya Jumapili, akasimama kando ya beseni kama anayehesabu sadaka. Akala andazi, akameza, akafungua mikono watu wamwone yu mzima.

"Bwana si kitu," yule wa Busasamana akasema. "Bwana ndiye wa kwanza kuwekewa sumu!"

Wakacheka sana, lakini hawakununua. Mzee wangu akachukua la pili ili kuwahakikishia. Akachukua la tatu.

"Mzee," nikamwambia, "unaonja au unakula?"

Siku hiyo nilikaa chini nikayaangalia mandazi yangu, nikajua mambo ni mawili: niume nirudi chooni, au nisiume tulale njaa. Nikiwa hapo nikakumbuka jirani yetu, mama aliyerudi kutoka Uganda, na kabalagala alizokuwa anawakaangia wanawe: ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, zinakatwa mviringo, zinaingia kwenye mafuta. Ndani yake hakuna hata punje ya ngano. Nikaenda kwake, akanionyesha. Sufuria ya zamani nikaisugua kwa mchanga, mafuta nikamwaga mapya.

Asubuhi nikaweka beseni chini. Nikachukua ya juu. Nikauma.

Yule wa Busasamana akasogea karibu, akalitazama koo langu mpaka nikameza.

"Fungua mudomo."

Mimi, bibi wa watu, nikafungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa. Akachungulia. Akanyoosha mkono, akachukua moja.

"Ii! Iko tamu," akasema, mashavu yamejaa. "Bamama, kujeni! Leo ameonja!"

Beseni likaisha kabla mpaka haujafunguliwa. Tangu hapo ngano haijaingia nyumbani kwangu.

Lakini kesho yake nilipotoka na beseni nikamkuta mzee mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani.

"Unaenda wapi? Muonjaji nimesharudi kazini."

"Mpaka wa nchi," akasema, "haulindwi na mtu mmoja."

Nikamwambia sawa. Avue kofia, ajitwike beseni.