Chembe Zisizobisha Hodi

Mdogo wangu ni mwalimu wa fizikia, na wanafunzi wamembandika jina la Chembechembe. Hawajamwonea. Mpe chai uone! Atakuambia kikombe kimejengwa kwa atomu, atomu ina kiini, kiini kina protoni, na protoni ina kwaki tatu ambazo hakuna aliyewahi kuzivunja zaidi. Hapo chai imeshapoa. Mkewe alichoka kugombana naye siku nyingi, siku hizi anampashia tu.

Mimi ni mhazili wa shule hiyohiyo, kwa hiyo barua ya mkuu wa shule niliichapa kwa vidole vyangu mwenyewe: wasipofika wanafunzi kumi wa fizikia kabla ya Ijumaa kwisha, somo linafungwa na mwalimu anahamishiwa kwenye michezo. Michezo! Mtu anayepanda ngazi nne akashika kiuno! Roho iliniuma, sikufichi.

Ijumaa ilifika na majina manne. Asubuhi Chembechembe akaja kwangu, akawamwaga samaki wangu kwenye beseni, akaondoka na tangi lao la kioo. Nilimfokea hadi getini.

Maabarani, alibandika ndani ya tangi kitambaa kilicholowa spiriti, akalifudikiza juu ya trei nyeusi, na chini ya trei akapanga barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji, aliyoiomba kwa muuza aiskrimu. Ukungu ukatanda. Akaita darasa zima, nami nikasimama nyuma kulichunga tangi langu; akafunga mapazia, akamulika tochi kutoka ubavuni.

"Tulieni. Chembe ikipita, mtauona mstari wake."

Robo saa nzima, hakuna kitu. Wanafunzi wakaanza kupiga miayo. Mkuu wa shule akaingia na faili kwapani, akaniita nilete orodha, kisha akaliinamia tangi kwa dharau.

Mara uzi mweupe ukachoreka kwenye ukungu, ukayeyuka.

"Nini hicho?" mkuu akashtuka.

"Chembe iitwayo muoni, mkuu. Ni kama kaka wa elektroni, ila mzito mara mia mbili. Imezaliwa huko juu angani, ikapita bati, ikapita dari."

"Kwa kibali cha nani?"

"Haiombi, mkuu. Hapo kiganjani mwako inapita karibu moja kila sekunde."

Mkuu akajifunika kichwa kwa faili.

"Na faili linapitika," Chembechembe akasema kwa upole.

"Ina maana hata ofisini kwangu zinaingia?"

"Usiku na mchana. Bila hodi."

Weee! Darasa zima lilivunjika mbavu. Wanafunzi wale husimama nje ya ofisi ile mpaka miguu iwake moto. Mkuu akatoka mbio kwenda kukagua dari lake, na mimi nikavamiwa.

"Mama mhazili, niandike!"

"Na mimi! Usinisahau!"

Walipotoka, mdogo wangu akakaa kwenye stuli, akawa anayahesabu majina kwa kidole. Alipofika la kumi, mwisho wa ukurasa, akaninyanyulia uso.

"Dada, wametimia."

"Geuza karatasi, mdogo wangu," nikamwambia.