Ukuta wa Majivu

Leo fundi alikuwa anamwaga majivu kuchora vyumba kwenye kiwanja changu cha Shanwe. "Dada, vya kulala viwe vingapi?" Nikamjibu kimoja kinanitosha. Vumbi la majivu likanipanda puani, nikakohoa, na papo hapo nikawa mtoto tena, kule Nsemulwa, siku baba alipopima nyumba yetu kwa miili yetu.

Hakuwa na futi ya kupimia. Aliwalaza kaka zangu na mdogo wetu chini, wamebanana kama samaki aina ya migebuka kwenye beseni, akawazungushia majivu. "Hapa wavulana." Nikajilaza pembeni yao. Baba akaniinua. "Wewe binti, una chumba chako."

"Una bahati, chumba kizima peke yako!" mama alisema.

Nikalala chali ndani ya mistari yangu, udongo wa moto ukinichoma mgongo. Upande wa pili walikuwa wanatekenyana na kucheka. Nikapitisha mkono taratibu juu ya majivu, nikamshika mdogo wangu kidole.

"We, toa mkono," baba akasema. "Hapo ni ukuta."