Futi Shingoni mwa Dada Zawadi

Naandika hili nikiwa bado naona aibu. Likizo hii nilipewa kazi ya kuwatembelea vijana waliofundishwa ushonaji hapa Bangwe, niwaulize kama wamepata kazi. Ambaye hajapata angepewa cherehani.

"Usikisie, dogo. Muulize kila mtu," msimamizi wa mradi aliniambia.

Sasa mimi, kumuuliza mtu aliyenizidi umri kama ana kazi, naona kama namtukana. Nilipofika kwa jirani yetu Dada Zawadi, nilimkuta anatoka, futi ya fundi inaning'inia shingoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana, napita tu."

Nikazunguka nyuma ya choo chao, nikajaza fomu: anashona. Futi si niliiona kwa macho yangu? Nikajisifu kabisa kwamba nina jicho la mtafiti.

Jana tuliitwa ofisi ya kata. Majina yakasomwa, cherehani zikabebwa mpaka zikaisha. Zawadi akasimama kuuliza lake.

"Wewe unashona tayari," msimamizi akamjibu.

"Nashonea nini? Naanika dagaa wa watu mwaloni, kule ziwani. Hii futi naivaa nisisahau kwamba na mimi ni fundi. Nani alikuja kuniuliza?"

Msimamizi akainua fomu, akasoma jina langu la kwanza na la baba.

Watu wote wakageuka. Zawadi akaivua futi, akaikunja taratibu.

"Si ulisema unapita tu, mdogo wangu?"