Kitambaa cha Kumi cha Somoe

Kijiji kizima cha Mpapura kilijua kwamba Bi Somoe amefukia vitambaa vyeupe msituni, na kufika Ijumaa vitambaa vilikuwa vimeshageuka sanda. Watu wa kule hawana haja ya redio. Mwenyewe aliuvumilia uvumi, maana angalau ulimtaja jina. Tangu mumewe Muhidini afe, mwaka wa nne sasa, siku nyingi zilipita bila mtu kumwita.

Shemeji yake, Abdulkarimu, alitaka msitu mkavu aliouacha marehemu ufyekwe, ipandwe mikorosho. "Ardhi imekufa ile, shemeji," alisema. "Inalea miiba tu." Muhidini alizikwa humo humo, na Somoe alijua trekta likiingia halitauliza kaburi liko wapi. Akamwita Gideoni, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akipima misitu ya jirani. Abdulkarimu akakubali kungoja majibu.

Kipimo chenyewe kilimchekesha Somoe. Vipande kumi vya pamba vilifukiwa wakati wa mvua, vikaachwa miezi miwili. Udongo wenye rutuba una vidudu wasioonekana kwa macho, na vidudu hao hula pamba. Kitambaa kikitoka kizima, hapo pana njaa.

Mwezi wa tano wakafukua, Abdulkarimu akiwapo. Vitambaa tisa vilitoka nyuzi nyuzi, vyeusi, vinachanika kwa kushikwa tu. Cha kumi, kilichofukiwa kando ya kaburi, kilitoka kizima kama cha dukani.

Gideoni akachuchumaa. "Hapa nani anafagia, mama?"

"Mie. Kila asubuhi." Somoe akaona haya. "Chini ya mikorosho tunafagia, nitashindwa kumfagilia mume wangu?"

"Majani ndiyo chakula cha wale vidudu. Ukiyaondoa, wanakufa."

Abdulkarimu, kwa ubishi wake, hakuvitazama vile tisa. Alikishika kile kizima. "Mvua zijazo fukieni kingine hapa hapa," alisema. "Kikitoka hivi, naleta trekta."

Basi ufagio ukawekwa kando. Hakuna aliyejua kwamba wakati wa kufagia ndipo Somoe alipokuwa akizungumza: bei ya samaki, goti linalouma, binti yao Zulfa aliyeko Magomeni ambaye hapigi simu. Mikono ikiwa na kazi, maneno yalikuja yenyewe. Sasa alifika, akasimama, akakosa la kusema, akarudi nyumbani ambako nako hakukuwa na wa kumwambia.

Majani yalianguka Juni, yakaanguka Julai. Kufika Septemba kaburi halikuonekana kabisa. Aliingiza vidole chini ya majani, akakuta unyevu kidogo, akajua kazi inakwenda vizuri, na moyo ukamuuma kuliko siku ya mazishi.

Akatoa salamu kwa kukisia kaburi lilipo. Kisha akahofu huenda amesimama juu ya miguu ya mumewe, akasogea nyuma hatua mbili.